Karisa na Jogoo wa Bwana Manyoya

Kisauni, Mombasa
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Athumani, Kipini.

Kaka, shikamoo. Assalaam alaikum wewe na wote mliomo nyumbani. Je, kifua cha shemeji kimepoa? Na mto umerudi mahali pake, au bado mnatembea majini? Huku leo tunaambiwa njia ya Garsen imekatika, kesho imeunganishwa, keshokutwa imekatika tena, na kila gari linaloteremka kutoka Malindi mimi naliendea kuuliza. Kwa nini nauliza sana, utajua ukifika mbele.

Ama baada ya salamu, hapa ndipo watu huandika kwamba wao wazima wa afya. Afya ninayo. Siumwi hata ukucha. Lakini barua hii usimsomee Mama, Kaka, nakuomba. Najua akisikia imekuja barua ya Omari huvuta kigoda chake akaketi mbele yako na kusema haya, soma. Mwambie ni mambo ya shamba, mwambie lolote litakalokujia, uisome peke yako mpaka mwisho.

Umeniandikia kwamba kila mgeni akija, Mama humhadithia alivyomwahi jogoo wa mzungu wangu kwa kisu kabla hajawa mzoga, na kwamba mlicheka sana, na kwamba nimshukuru kwa kuniokolea kitoweo. Wallahi nilipofika hapo ilibidi nikae chini. Sasa nitakupa habari yenyewe, yote, na sitajipendelea.

Unajua mwaka wa nane huu niko kwa Bwana Manyoya. Jina lake la kizungu ni refu na hakuna anayelitaka. Watu wa Kisauni wamempa hilo kwa ajili ya kuku wake. Hawa si kuku kama wetu. Wao wenyewe wazungu huwaita kuku wa hariri, na asili yao wanasema ni Uchina. Unyoya wao hauna ule uti wa katikati, ni laini kama pamba iliyochambuliwa. Lakini pekua chini ya weupe ule: ngozi nyeusi, nyama nyeusi, mfupa mweusi. Vidole vitano kila mguu badala ya vinne. Marehemu Baba na makuchi wake wa kupigana angewatukana, maana hawa hawapigani. Hata paka akiwajia wanamtazama tu kama mgeni.

Kazi yangu si kulisha tu, kama mnavyodhani huko. Kulisha hata mlevi aweza. Kila Jumamosi tuliweka meza chini ya mti wa mkungu, tukampandisha kuku mmoja mmoja, mimi nikamkagua na Bwana akasikiliza. Kwanza kidole cha tano: lazima kisimame mbali na cha nne na kielekee juu, kikishikana nacho basi. Kisha kilemba: kisiwe na meno kama cha jogoo wetu, kiwe kinundu cheusi, kipana, kama tende iliyobanwa. Ndewe za masikio ziwe na rangi ya samawati. Shungi la kichwani liwe duara. Na weupe uwe weupe, usiwe na manjano hata kidogo, kwa hiyo hatukuwapa mahindi ya manjano, na jua la mchana tukiwaficha nalo kama wanawali. Bwana alikuwa mtu wa "huyu hapana". Wa "hapana" nikiwachinja mimi, tukawala. Wa "ndiyo" tukawazalisha, jike huyu kwa dume yule, mjukuu akarudishwa kwa babu, miaka inakwenda. Nilikosea mara nyingi. Nilipata shungi zuri nikapoteza kidole, nikapata kidole nikapoteza weupe.

Mpaka tukampata Kanzu. Nilimpa jina hilo kwa sababu manyoya yake yalimfunika mpaka vidole vya miguu, akitembea huoni hatua. Siku alipotimia miezi minane tulimpandisha mezani, nikamkagua kuanzia kucha mpaka shungi, nikatafuta la kusema nikakosa. Bwana naye akamzunguka mara mbili. Kisha akasema, "Omari, huyu tumemtengeneza mimi na wewe." Miaka yote hiyo hakuwahi kusema mimi na wewe. Unaweza kunicheka, lakini nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto.

Kwa haya mazungumzo ya uhuru, Bwana ameuza nyumba na anarudi kwao. Maonyesho ya kuku ya mwaka huu yalikuwa ya mwisho kwake. Aliniambia Kanzu akichukua utepe wa mshindi, kuku wote waliobaki ni wangu niwaendeleze. Basi ujue siku ile nilikuwa na haraka gani.

Mama alipokuja kuonyesha macho, alikaa nami chumba cha uani. Daktari alimwambia ule ukungu wa macho umekwisha kukomaa na hawezi kuufanya kitu. Wewe humjui Mama akinyamaza? Alinyamaza siku nne. Hakutaka hata kupika. Siku ya tano ndiyo ilikuwa siku ya kuamkia maonyesho, na kesho yake alikuwa na safari ya kurudi kwenu.

Asubuhi hiyo Bwana alivuka kisiwani kuchukua tenga la kumbebea jogoo. Mimi nikaandaa mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuza, na la mwisho la maji yenye buluu ya kufulia, ile inayofanya kanzu zing'ae. Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililotuangamiza. Kuku akitiwa maji ya uvuguvugu hulegea. Shingo inalala, macho yanafumba, mdomo unafunuka kidogo, utasema roho imetoka. Mara yangu ya kwanza kumwosha mmoja nilipiga yowe, Bwana akacheka mpaka akakohoa. Kumbe ni raha tu, kuku amepata usingizi. Miaka minane nalijua jambo hilo, na Mama sikumwambia, wala Karisa.

Nimemaliza beseni la pili, naikunjua karatasi ya buluu, haina kitu. Ndio wazimu wangu huo: nilikagua kidole cha jogoo mara mia, sikukagua buluu. Nikamviringishia Kanzu taulo, nikamlaza juu ya mkeka penye kijua cha asubuhi asipate baridi, nikamwita Karisa. Karisa ni mtunza bustani wa Bwana, mtu wa Kaloleni, na tumekuwa pamoja hapa miaka yote minane. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nitupie jicho hapo, nakwenda dukani mara moja." Akasema, "Nenda."

Yaliyofuata nimeyapata kwa Mama na kwa Karisa mwenyewe, na wote wawili wamesema sawasawa.

Mama alitoka chumbani, akapapasa ukuta, akaona kitu cheupe mkekani. Akakiinamia, akakishika. Shingo ikaanguka upande.

"Ewe Karisa! Kuku huyu anakata roho!"

"Omari ameniambia nimwangalie tu, Mayo." Ndivyo Karisa alivyomwita, kwa lugha ya kwao, mama.

"Umwangalie mpaka afe? Mali ya watu iwe mzoga, na sisi tumesimama? Kimbia njiani uniletee mwanamume Mwislamu achinje."

Unakumbuka, Kaka, tulivyokuwa tukisimamishwa mlangoni na kuku mkononi tukingoja apite mtu wa kumchinja, Baba akiwa hayupo, kwa sababu kwetu mwanamke hashiki kisu hicho ila akishikika sana. Karisa akakimbia mpaka barabarani, akatazama huku na huku, hakuna mtu. Aliporudi, Mama amekwisha leta kisu na ameelekea kibla. Kwake hapo palikuwa pa dharura, na hukumu yake wewe mwalimu wa chuo cha Kurani unaijua kuliko mimi.

"Shika miguu," akamwambia.

"Mayo, huyu ni wa Bwana. Tumngoje Omari."

"Omari atanishukuru. Shika, baba, shika."

Karisa akashika. Mtu mzima, mama wa watu, haoni, ana kisu mkononi, angefanya nini? Anasema aliposhika miguu jogoo alifumbua jicho. Akasema, "Mayo, anatazama." Mama akajibu, "Ndivyo wafavyo," akapiga bismillahi.

Mimi nikaingia na buluu yangu mkononi. Nikamkuta Mama ameketi, ananyonyoa, na amejaa tabasamu, tabasamu la kwanza tangu siku ya daktari. "Nimekuwahia, mwanangu," akasema. "Kidogo tu angekuwa mzoga. Macho yamekwisha lakini mikono bado inafaa." Karisa alisimama nyuma yake, kaptura imerukiwa na damu, ananitazama mimi.

Ningeweza kusema nini? Niambie wewe. Nikasema, "Ahsante, Mama." Akampika kwa nazi. Nikala, Kaka. Nyama nyeusi ile, kila tonge nalisukuma kwa maji, naye ananiuliza imekolea? Namjibu imekolea.

Mpaka hapo Mungu angenisamehe, nadhani. La pili ndilo langu mwenyewe. Manyoya niliyachukua nikayamwaga katika shimo la mbolea la Karisa nikayafunika kwa majani, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Alasiri Bwana akarudi na tenga lake jipya. Akaona kizimba cha Kanzu kitupu. Akaniuliza, nami nikamwambia, "Nilikwenda dukani kununua buluu, niliporudi hayupo." Mama alikuwa chumbani, hatua kumi kutoka hapo, anasugua sufuria.

Bwana akauzunguka ua mzima na fimbo yake. Akafika shimoni, akafukua, akainua unyoya mmoja, mweupe. Kisha akamwona Karisa na ile kaptura.

"Nani amefanya hivi?"

Karisa akanitazama. Akasema, "Muulize Omari."

"Omari?"

"Mimi sikuwepo, Bwana."

Basi, maneno hayo matatu. Na wala si uongo, sikuwepo kweli, ndiyo maana yalinitoka mepesi. Nilijiambia nitasema kesho, Mama akishapanda gari, asije akaona askari, asije akaulizwa na macho yale. Kesho yake nikampandisha gari, nikarudi, nikakuta Karisa amekwisha chukuliwa. Askari waliobaki uani walisema watu wa huko kwao hutafuta kuku wa rangi moja kwa mambo ya uganga, na kila mtu akatikisa kichwa kana kwamba ameona kwa macho yake. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosimama. Sisi watu wa mwambao tunajiona mabingwa wa adabu! Adabu ilikuwa kwa Karisa. Mbele ya hakimu aliulizwa, akajibu, "Mimi nilishika miguu." Nani alichinja? "Mwenye kujua yupo hapa." Nami nilikuwepo, nimevaa koti la Idi, na nilipoitwa nikarudia yale yale: nilikwenda dukani, sikuwepo. Wakampa miezi sita.

Wiki iliyofuata akaja Kadzo, mkewe. Ana mimba kubwa na watoto wengine wawili wanamshika leso. Nilijitayarisha kutukanwa, na wallahi ningepata nafuu. Hakutukana. Aliketi kizingitini akasema amekuja kuchukua jembe la mumewe, na ametoka jela kumwona. Nikamwuliza, amesema nini? Akasema, "Amenikataza nisikuulize kitu. Amesema mama wa mtu hatajwi na mtu mwingine mbele ya askari. Amesema anakungoja wewe." Kisha akanyanyuka na jembe lake akaenda zake.

Siku ile ile nilikwenda kwa Bwana nikamwambia, "Mimi ndiye niliyemchinja." Nilidhani nimepata njia: Karisa atoke, Mama asiguswe, niingie mimi. Bwana alinitazama sana. Akasema, "Wewe? Wewe uliyekuwa ukimlisha kwa kidole alipoumwa? Ondoka, Omari. Unamfichia rafiki yako." Hebu fikiri! Miaka minane nimetaka mzungu yule ajue ninavyowapenda kuku wake, na kujua kwake ndiko kunakomweka Karisa ndani.

Basi asubuhi yake nikamwambia ile kweli. Nikaanza na buluu nikaishia na nazi, sikuacha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akahesabu kwa vidole. "Kwanza hukuwepo. Jana ni wewe. Leo ni mama yako, na mama yako yuko mbali, na haoni. Kesho atakuwa nani?" Nikaapa. Akasema hataki viapo. "Mlete. Aseme mwenyewe mbele yangu, kisha mbele ya hakimu. Nikimwamini, nitaomba Karisa atolewe." Nikamwuliza, na Mama atafanywa nini? Akarudi kufunga masanduku yake. Meli yake inaondoka mwezi huu ukiandama, na akishaondoka hakuna wa kusimama mbele ya hakimu akasema, "Nilikosea." Nani atanisikiliza mimi, shahidi wa "sikuwepo"?

Ndilo ninalokuomba, Kaka. Mlete Mama. Ningekuja kumchukua mwenyewe, lakini nikitoa mguu hapa atasema nimetoroka, na neno langu sasa halina uzito hata wa unyoya. Njia ikifunguka siku moja, panda naye siku hiyo hiyo. Ikiwa haifunguki, tafuteni chombo mpaka Malindi, mimi nitawapokea hapo.

Najua utakasirika. Utasema nimemtia mzazi wangu mdomoni mwa serikali ili nimtoe mtu baki. Nimejiambia hayo kabla yako, tena kwa matusi makubwa zaidi. Nimewaza anaweza kuwekwa ndani, mama wa miaka ile, haoni pa kukanyaga. Kisha namwaza Karisa anavunja mawe kwa sababu alimwita Mama yetu Mayo na akamshikia miguu. Hakuna pa kugeukia, Kaka. Nimeiandika barua hii mara tatu nikaichana.

Na jela si ndiyo ninayoiogopa zaidi. Unamjua Mama. Embe la jirani likianguka kwetu hulirudisha juu ya ukuta. Siku ile alikimbia nyamafu, akajiona ameiokoa mali ya watu na haramu, kumbe amekula cha mtu bila idhini yake, akanilisha na mimi, na mwana wa mwenzake yuko kifungoni kwa mlo huo. Atakapolijua hilo sidhani kama atacheka tena, na ni mimi nimemwachia miezi miwili alisimulie kwa furaha nyumba hadi nyumba. Ningemwambia siku ile ile angelia siku moja. Nilimhurumia, na huruma yangu ilikuwa ya mwoga.

Utepe ulikwenda kwa mzungu wa Likoni, jogoo wake ana manjano mabegani. Majike wetu wote wamechukuliwa juzi. Sikuuliza wanakwenda kwa nani.

Mwambie shemeji anywe tangawizi na asitoke umandeni. Mpe pole shangazi yetu wa Ungwana kwa shamba lake la mpunga lililochukuliwa na maji. Wabusu wanao, na yule mkubwa anayejua kusoma umwonye barua hii asiiguse. Msalimie na jirani yetu mpiga adhana, ndugu wa Baba kwa kunyonya, aniombee mwisho mwema.

Mama usimpe salamu zangu safari hii. Akizipata atauliza na lingine, nawe utasita, na kusita kwako anakusikia hata kama uso wako hauoni. Wafungie wageni mlango, mketishe, mshike mkono ule alioshikia kisu, umwambie jogoo hakuwa akifa. Alikuwa amelala.

Nduguyo,
Omari